Kahawia ya Baba

Kikuyu, Dodoma
22 Julai 2004

Mpendwa Dada Mwanne,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada yangu. Naomba barua hii ikukute salama, wewe na shemeji Mbwana na watoto wote, na Mama awe ameamka vizuri. Najua mwezi huu baridi ya huko kwetu mlimani haina mchezo, kwa hiyo niambie kama lile blanketi zito bado analo au ameshamgawia mtu kama kawaida yake. Alizeti mmeshapura? Shemeji amepata magunia ya kumridhisha, au bado anailaumu mvua?

Baada ya salamu, desturi ni niandike kwamba mimi huku sijambo. Nimeiandika, nikaikata. Nikaiandika kwenye karatasi nyingine, nayo nikaichana. Basi niruhusu niiruke kwa sasa, tutairudia huko chini. Utaona pia mwandiko wangu umekuwa mkubwa kama wa mtoto aliyeanza shule juzi. Usicheke na usimwonyeshe shemeji, maana atacheka yeye.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu pale dukani. Ile simu, dada, unaongea huku watu wamekaa kwenye benchi wanakutazama mdomo, na ukimaliza wanakupa pole kabla hujakata. Haya ninayokuandikia si ya benchi. Nakuomba uisome peke yako kwanza, halafu uamue mwenyewe Mama umsomee nini na umwachie nini.

Jambo lenyewe linaanzia kwenye picha ya Baba. Najua umeisubiri mpaka umechoka. Nilikuahidi itafika kabla ya Maulidi, Maulidi yakapita, ukaandika barua ya upole, kisha ukaandika ile nyingine isiyokuwa ya upole. Una haki. Lakini naomba ujue kwamba picha haikuchelewa kwa uvivu wala dharau. Imechelewa kwa sababu kila nikiichapa naogopa, na kama mambo yatakwenda ninavyoogopa, basi huenda kazi hii ya picha ndiyo imeniishia.

Wewe unadhani kazi yangu ni kubonyeza kitufe. Ulisema hivyo mbele ya wifi zako na mimi nikanyamaza kwa heshima. Sasa nikueleze. Ile picha ya Baba uliyonitumia, aliyopigwa mnadani akiwa ameshika baiskeli ambayo sote tunajua haikuwa yake, ni ndogo kama kiganja na imepasuka katikati. Mama anaitaka iwe kubwa ya ukutani, kwa sababu mtoto wa jicho amemwachia vitu vikubwa tu, na sura ya mumewe imekuwa ndogo mno kwake. Zamani ningeiingiza chumba cha giza, niikuze, kisha niizamishe kwenye dawa mpaka weusi wake ugeuke kahawia ya zamani. Siku hizi chumba kile Mzee Octavian, mwenye studio, anawekea kreti za soda. Tangu maduka yaanze kujaa kompyuta na kila mtu akataka picha za rangi, tungefunga duka endapo yeye, bosi wangu huyu mchoyo mwenye akili, asingeleta printa ya wino kutoka Dar es Salaam.

Printa ile ina wino mweusi na wino wa rangi, lakini kijivu haina. Ukiipa picha isiyo na rangi, inachanganya rangi zake zenyewe mpaka ipate kitu kinachofanana na kijivu, na isipoangaliwa inakutolea mtu mwenye uso wa waridi au wa majani. Kahawia ndiyo ngumu zaidi. Lazima upunguze hiki, uongeze kile, kidogo kidogo, na hakuna kitabu kinachokwambia basi, inatosha. Kinachokwambia ni jicho. Mimi nilikuwa nalo jicho hilo, dada. Watu walikuwa wanatoka Mpwapwa na Singida na picha za wazee wao kwenye bahasha, wakamwambia Mzee Octavian wanataka ile kahawia ya Joha. Yeye mwenyewe, ambaye kusifu mtu kunamwuma, aliandika maneno hayo kwenye kibao cha nje.

Tuna mazoea yetu pale studio. Picha ikitoka kwenye printa hatuiamini mpaka ifike mlangoni, kwa sababu chini ya taa ya tyubu karibu kila picha ni nzuri. Unaibeba kwa ncha za vidole, unasimama kizingitini, unaigeuzia jua. Ikiwa bado ni kahawia pale, inakwenda kwa mwenyewe. Ikiwa imegeuka, unarudi kwenye kompyuta unaanza upya, hata kama karatasi ni ghali na bosi anakohoa kukuonya. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama mlangoni. Abbasi, mwenzangu wa kazi, mtu mzima mwenye mke na watoto, yeye alikuwa anajaza wino kwa bomba la sindano na kusafisha mashine.

Mambo yakaanza kuharibika baada ya mfungo kupita na mwaka kugeuka, tena polepole, kiasi kwamba sikujua niite nini. Kwanza ilikuwa sokoni. Nilimwona Anyesi, anayeniuzia nyanya siku zote, ameanza kunipa mbichi. Nikamsema, akaapa ni mbivu, nikamwambia biashara huria haina maana ya kuibiana, nikahamia meza nyingine. Na kule nako nikapewa mbichi. Nikasema moyoni mji huu umekwisha. Kisha ikaja barua yako ukiniuliza kama nimeanza kiburi, maana Mama aliomba kanga nyekundu ya Maulidi nami nikatuma ya kijani. Nilikasirika sana. Nilijua nimenunua nyekundu. Nikaamini imebadilishwa kwenye basi, na nikaenda kugombana na yule utingo wa watu bila kosa lolote.

Halafu wateja wakaanza kurudisha picha. Mmoja alisema baba yake anaonekana ana homa ya manjano. Mwingine, mtumishi wa serikali, tena mstaarabu, alisema anaomba radhi, lakini mama yake hakuwa wa rangi hiyo. Kila picha iliyorudi niliipeleka mlangoni, nikaigeuza kwenye jua, nikaona kahawia nzuri kabisa. Nikasema ni wino. Mzee Octavian alikuwa ameanza kununua wino wa kujazia kutoka kwa mchuuzi mmoja, rahisi kuliko ule wa mwanzo, na kila mtu anajua vya rahisi vilivyo. Akabadilisha mchuuzi, picha zikaendelea kurudi. Basi nikasema ni Abbasi, anachanganya chupa, anajaza rangi moja kwenye nafasi ya nyingine. Nilisema mbele ya bosi, mbele ya wateja, kwa sauti.

Abbasi hakupandisha sauti. Alisema hajachanganya chochote, na kama dada Joha haridhiki, labda tatizo si wino, labda ni macho. Dada, niliwaka. Nilimwambia macho haya ndiyo yanayomlisha yeye na wanawe. Mzee Octavian aliangalia kibao chake cha nje, akapima nani anamletea wateja, akamwambia Abbasi apumzike nyumbani kwanza mpaka atakapomwita. Abbasi alifuta mikono, akachukua baiskeli yake akaondoka. Nilijiona nimeshinda. Jioni ile nilikula vizuri.

Picha zilizofuata nilijaza wino mwenyewe, kwa mkono wangu, chupa moja baada ya nyingine nikisoma majina yake. Mojawapo ilikuwa ya marehemu mume wa Bi Evodia, muuguzi mstaafu anayekaa huku huku Kikuyu. Alikuja kuichukua wiki iliyopita amevaa vizuri kama anakwenda kanisani. Aliitazama, kisha akasema kwa adabu kwamba mumewe anaonekana kama mtu aliyetolewa bwawani. Nikamwomba twende mlangoni. Tukasimama kizingitini, wanawake wawili tumeshika picha moja, yeye kona hii na mimi kona ile, jua linaipiga sawasawa. Yeye akasema kijani. Mimi nikasema kahawia. Akamwita mlinzi wa duka la jirani, mlinzi akasema kijani. Akamwita mpita njia ambaye hatumjui wala yeye hatujui, naye akashangaa anaulizwa nini, akasema si ni kijani, mama.

Nikaigeuza tena ile picha kwenye jua. Wino nilijaza mwenyewe, Abbasi hayupo, mchuuzi amebadilishwa. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumsingizia.

Bi Evodia aliwaambia wale waende zao. Kisha akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini sana ninatumia dawa gani. Nikamwambia situmii dawa. Akaniangalia hivi anavyoangalia mtu aliyezeekea wodini. Hakubishana. Alisema tu kwamba kama ingekuwa natumia vidonge fulani kila siku, kimojawapo huweza kuwagusa watu wachache mshipa wa jicho, na kinaanza na rangi, nyekundu na kijani zinakuwa kitu kimoja, halafu maandishi yanafifia, na ukichelewa hayarudi. Akasema picha ataifuata siku nyingine, akaondoka na pochi yake kwapani.

Sikurudi kazini siku ile. Nilipita sokoni kwa Anyesi, ambaye tulikuwa hatusalimiani, nikamwomba aniwekee nyanya mbivu na mbichi kwenye meza aniache nichague. Alidhani nakuja kumfanyia vituko. Nikachagua. Akanitazama, akaacha kununa, akaniuliza Joha, unaumwa? Nikamwambia hapana. Hilo ndilo jibu nililokuwa nimelizoea mwaka mzima.

Sasa turudi pale niliporuka, dada. Mimi sijambo siyo kweli. Ninaumwa kifua kikuu. Kile kikohozi ulichokisikia kwenye simu nikakwambia ni vumbi la Dodoma, hakikuwa vumbi. Nilipimwa mwezi wa Januari, nikaanza dawa, na mpaka leo ninameza. Idi Kubwa sikuja, nikasema kazi nyingi. Maulidi sikuja, nikasema nauli imepanda. Mama akaniambia kwenye simu kwamba mji umenila, nikamwacha aamini hivyo, kwa sababu niliona ni afadhali aniite mwenye kiburi kuliko asikie neno lile. Unajua watu wetu. Ukisema kifua kikuu wao wanasikia ule ugonjwa mwingine. Nilipima na huo pia, sina. Lakini nani angesubiri nimalize sentensi? Mama anaishi kwako, binti yako Nasra ameposwa juzi juzi, na nilijiona naingia uani kwako watu wanaondoa vikombe.

Kinachoniuma ni kwamba hakukuwa na haja. Kule zahanati wananiambia baada ya majuma ya mwanzo, mtu anayemeza dawa zake vizuri haambukizi tena. Ningeweza kuja. Ningeweza kukaa na Mama jikoni tukapeta uwele na nikarudi salama. Na kila mwezi nilipokwenda kuchukua vidonge waliniuliza kama naona vizuri, nami nikajibu ndiyo, vizuri, nikifikiria wanauliza kama najigonga ukutani. Nilikuwa nalalamika kuhusu wino kwa kila aliyenisikiliza, isipokuwa wale waliokuwa wananiuliza habari za macho.

Kesho yake asubuhi nilikwenda nikawaambia. Nilipelekwa kwa daktari wa macho. Akanipa kitabu chenye vitone vya rangi, ndani yake kuna namba, akaniomba nizisome. Niliona vitone tu, dada. Nilifungua kurasa nikisubiri namba itokee, haikutokea, na yeye hakuniharakisha, jambo ambalo lilinitisha kuliko kama angeniharakisha. Kidonge kile wamekiondoa, nitaendelea na vingine mpaka nimalize. Nilimuuliza kama macho yatarudi. Alisema kwa wengi hurudi, polepole, kwa miezi, na kwamba nimefika kabla mambo hayajawa mabaya zaidi, lakini hawezi kuniahidi. Nilitaka aahidi. Ningemwamini hata kama angenidanganya.

Tangu siku hiyo sina raha. Naamka natazama kanga zilizoanikwa uani najaribu kukisia, kisha naona haya kumwuliza mwenye nyumba. Namfikiria Mama, jinsi alivyokaa na macho yake akisema yatapona yenyewe, mpaka tukampeleka tumechelewa. Nilimlaumu sana wakati ule, unakumbuka. Sasa nimejikuta kwenye kiti chake.

Juzi nilimweleza Mzee Octavian yote, kwa sababu Abbasi alikuwa bado nyumbani na watoto wake wanahitaji kula. Nilipotaja kifua kikuu aliinuka akafungua madirisha yote mawili. Upepo wa Julai ukaingiza vumbi, na vumbi ni adui wa karatasi za picha, akafunga moja. Akafikiri, akalifungua tena, akaifunika printa kwa taulo. Ningecheka kama ingekuwa siku nyingine. Nilimwambia simlaumu Abbasi, kosa ni langu, na kama anataka nifungashe vitu vyangu nitafungasha. Alichezea kalamu, akasema aliyemfukuza Abbasi kwa mdomo ndiye atakayemrudisha kwa miguu.

Basi nikaenda mpaka kwa Abbasi, nikamwomba radhi mbele ya mkewe, maana nilimtukana mbele za watu. Mkewe alinijibu salamu kwa shingo upande na nilistahili. Abbasi aliuliza tu kama ninapata dawa. Jana amerudi kazini. Yeye ndiye anayesimama mlangoni sasa, mimi nasafisha mikwaruzo na nyufa kwenye kompyuta, kazi isiyotaka rangi, ingawa nakaza macho mpaka kichwa kinauma. Bosi hajasema mpaka lini. Kile kibao cha nje hajakigusa, na kila asubuhi nikipita naogopa kukitazama.

Sasa dada, ndani ya bahasha hii kubwa, katikati ya makadibodi, utakuta picha mbili za Baba. Ufa nimeuziba mwenyewe, na nimeacha lile kunjo la kanzu begani kwa sababu Mama atalitafuta. Picha ya kwanza niliichapa mimi kabla ya ile siku ya Bi Evodia, wakati bado najiona fundi. Ya pili kaichapa Abbasi jana. Ya kwangu nimeandika jina langu nyuma kwa penseli. Nimeziweka mezani pamoja, nikazipeleka mlangoni pamoja, nikazigeuza kwenye jua. Kwangu mimi ni pacha. Baba ni yule yule, baiskeli ni ile ile, kahawia ni moja. Abbasi akasafisha miwani yake.

Nakuomba uzitoe nje asubuhi jua likishapanda, uzitazame wewe peke yako. Ya Abbasi mtundikie Mama ukutani, karibu na dirisha, mahali anapokaa kula. Mwambie Joha ameitengeneza, usimwongopee sana, ufa kweli nimeuziba mimi. Habari za kifua mweleze ukiona anaweza kusikia, na umwambie nitakuja yeye akiniruhusu. Hilo la kuruhusiwa nalimaanisha, kwako pia na kwa shemeji. Mkiona bado, andika tu bado, sitanuna.

Ile yenye jina langu usiichome na usimpe mtu. Najua utakachokiona, na najua utataka kuniandikia kwamba si mbaya sana. Usiniandikie hivyo. Itundike nyuma ya mlango wa chumba ninacholala nikija, nayo inisubiri. Nitakapofika nitaingia humo kwanza kabla ya kunywa hata maji. Nikiona Baba ni wa kahawia, nitatoka nikae nanyi nisiseme kitu, nawe utaelewa. Lakini siku nitakayofungua mlango ule nikamkuta Baba ni wa kijani, mbaya kabisa, kama mtu aliyetolewa bwawani, utanisikia napiga vigelegele humo ndani. Naomba uniombee niione mbaya.

Nisalimie Mama, mbusu mikono kwa niaba yangu. Nisalimie shemeji Mbwana, Nasra na mchumba wake, na wote wanaoniulizia kwa nia njema. Wasioniulizia kwa nia njema wasalimie pia, wasije wakasema nimebagua. Nawatakia heri na afya, na nasubiri jibu lako kwa hofu na kwa hamu, ukiliandika kwa herufi kubwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Joha Hamza